Pikipiki ya zamani na fedha kidogo: breki kwanza, msumeno baadaye

Swali: Nimenunua kwa bei nafuu Honda CB350 ya mwaka 1972 iliyokaa bandani zaidi ya miaka 10. Injini inazunguka nikipiga kiki, lakini haiwaki. Ninataka kuigeuza iwe ya mtindo wa kafe resa: usukani wa chini, kiti kifupi chenye nundu nyuma, vichujio vya hewa vya wazi, na fremu ikatwe upande wa nyuma. Sijawahi kufungua injini na fedha zangu si nyingi. Nimeshaanza kuchagua vifaa vya kununua, na rafiki yangu amekubali kuniazima msumeno wa umeme. Nianzie wapi?

Jibu: Kwa sasa mwachie rafiki yako msumeno wake, na usinunue pambo lolote mpaka pikipiki iwake, isimame vizuri kwa breki zake, na uwe umeiendesha kwa muda ikiwa katika umbo ililotoka nalo kiwandani. Ninajua ushauri huu unakatisha hamu, kwa kuwa kilichokuvutia ni sura na mimi ninakurudisha kwenye grisi. Lakini pikipiki nyingi za zamani zinazouzwa zikiwa vipande ndani ya makasha zilifikia hapo kwa sababu mwenye nazo alianza na kiti na rangi, akaja kugundua baadaye kwamba silinda imelika au gia inaruka, wakati huo fedha na ari vyote vimekwisha. Ipo pia sababu ya kiufundi. Ukibadilisha njia ya hewa, ekzosi na nyaya kwa mkupuo mmoja, halafu injini ikakataa kuwaka, hutakuwa na namna ya kujua kama ugonjwa ni ule wa zamani au ni wa kwako mwenyewe.

Chaguo lako, hata hivyo, ni zuri. CB350 ilitengenezwa kuanzia 1968 hadi 1973 na iliuzwa kwa wingi, kwa hiyo vipuri vyake bado vinapatikana, vipya na vilivyotumika. Injini yake ni ya silinda mbili zilizosimama sambamba, ukubwa wa sentimita za ujazo 325, ikipozwa kwa hewa. Hakuna rejeta, hakuna pampu ya maji, hakuna kompyuta. Kila silinda ina kabureta yake, koili yake (inayozalisha umeme mkali wa cheche) na kontakti zake (zinazokata umeme huo ili cheche itoke). Kwa anayejifunza hiyo ni faida kubwa, kwa sababu upande mmoja ukisumbua unaweza kuulinganisha na mwenzake, au kuhamisha kifaa kutoka kushoto kwenda kulia uone kama tatizo linahama nacho.

Kuhusu fedha, gawa ulichonacho kabla hujatumia hata senti. Mimi ningetenga nusu kwa ajili ya injini, breki, matairi na umeme. Robo kwa ajili ya sura. Na robo ya mwisho ningeificha isiguswe, maana pikipiki ya umri huu haikosi jambo la kushtukiza. Ununuzi wa kwanza uwe kitabu cha ufundi cha modeli yako, kile chenye vipimo na michoro ya nyaya. Kitafuatiwa na spana za milimita, fila za kupimia nafasi za tapeti (vidude vinavyobonyeza valvu za injini), mita ya umeme ya bei ya chini, na bisibisi sahihi. Hilo la bisibisi huonekana dogo, lakini ndilo linaloharibu pikipiki nyingi za Kijapani katika saa ya kwanza. Skrubu zake za msalaba zimechongwa kwa kiwango cha Kijapani kiitwacho JIS, wakati bisibisi za msalaba zilizozoeleka ni za kiwango cha Phillips. Ukiweka ya Phillips inaingia, lakini haikai hadi chini. Ukikaza mkono inapanda na kuchonga kichwa cha skrubu hadi kinakuwa shimo la duara. Tafuta ya JIS, na kwa skrubu za vifuniko vya injini tumia ile ya kugongwa kwa nyundo, ambayo hukandamiza na kuzungusha kwa wakati mmoja. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza unaweza kuazima.

Kabla ya spana ya kwanza, hakikisha namba ya fremu inasomeka na inalingana na hati za umiliki, na uliza mamlaka ya usafiri inataka nini kuhusu taa, vioo, indiketa, kibao cha namba na kelele. Hakuna haja ya kutengeneza kitu ambacho hakitasajiliwa.

Sasa injini. Toa plagi zote mbili, dondosha mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, iache usiku kucha, kisha uizungushe taratibu ili ringi zisikwaruze silinda kavu. Mwaga mafuta ya zamani na uweke mapya. Kumbuka kwamba modeli hii haina chujio la karatasi la mafuta. Badala yake ina kikombe kinachozunguka upande wa kulia wa injini, ambacho hutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko na kuugandisha kwenye ukuta wake. Wamiliki wengi hawakuwahi kujua kwamba kipo. Ukikifungua unaweza kukuta tope la kijivu limeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Likwangue lote, kwa sababu kikombe kilichojaa hakichuji chochote.

Baada ya hapo pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji, ukiwa umefungua mkono wa mafuta hadi mwisho. Kwa kuanzia, namba yenyewe haina uzito kama tofauti kati ya silinda mbili. Upande mmoja ukiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, chunguza. Weka kijiko cha chai cha mafuta katika silinda iliyo dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda imelika. Kisipopanda, kuna uwezekano mkubwa kwamba valvu haifungi vizuri. Lakini usitoe hukumu kabla ya kurekebisha tapeti injini ikiwa baridi: milimita 0.05 kwa valvu ya kuingiza na 0.10 kwa ya kutolea moshi. Tapeti iliyobana huishikilia valvu wazi, na injini nzima huonekana mgonjwa kumbe inahitaji nusu saa ya kazi. Kontakti nazo zisafishe na uziweke nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4, kisha upange muda wa cheche kwa kila upande.

Injini inayozunguka lakini haiwaki baada ya miaka 10 bandani, mara nyingi kosa lake liko kwenye petroli iliyokauka ndani ya kabureta. Shughulikia kabureta moja baada ya nyingine, ili vipande visichanganyike na ile isiyofunguliwa ibaki kuwa mfano wako. Ukifungua bakuli la chini utaona utando wa kahawia, na humo ndimo jeti, yaani vijitundu vya kupimia petroli, zilimoziba. Jeti ya mwendo wa chini ina tundu dogo kiasi kwamba hata likiwa wazi unalazimika kuliinua kwenye mwanga ili kulihakikisha. Usilichokoe kwa pini wala waya wa chuma, kwa maana shaba nyeupe ni laini na tundu likipanuka kidogo tu vipimo vinapotea. Chomoa uzi mmoja wa shaba kutoka katika waya wa umeme, uupitishe humo taratibu, kisha upulizie. Juu ya kabureta kuna kiwambo cha mpira kinachoinua pistoni yake. Kitoe kabla ya kupuliza dawa yoyote ya kusafishia, kwa sababu dawa hiyo hukivimbisha, kisha ukinyooshe polepole mbele ya taa: mwanga ukipenya hata kwa nukta moja, upande huo hautapanda kasi ipasavyo, na hakuna marekebisho ya skrubu yatakayouponya.

Tangi lisafishwe kabla ya kuunganishwa na kabureta safi, vinginevyo utaifanya kazi hiyo mara mbili. Kutu ya wastani huondoka kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa katika maji ya moto na kuachwa usiku mzima; ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, kausha haraka kwa hewa ya joto, na umimine mafuta kidogo ndani uyazungushe ili kutu isirudi. Tangi likivuja, mpelekee mwenye ujuzi wa matangi. Mtu asikudanganye kwamba tangi tupu linaweza kuchomelewa salama, kwa maana mvuke wa petroli unaobaki ndani ndio unaolipuka.

Ikiwaka, geukia breki, na hapa usione uchungu kutoa fedha. Breki ya mbele ya CB350 ni ya dramu yenye viatu viwili, na kila kiatu kina mkono wake nje, mikono hiyo ikiunganishwa kwa fimbo fupi. Iliundwa hivyo ili viatu vyote viwili viume kwa nguvu ile ile, lakini hilo hutokea tu ikiwa urefu wa fimbo umepangwa. Legeza fimbo, kaza kila mkono peke yake hadi kiatu chake kianze kugusa dramu, kisha rudisha fimbo kwa urefu utakaoifikisha mikono yote miwili hapo kwa pamoja. Weka waya mpya wa breki, ambao ni rahisi kuliko pambo lolote, na utashangaa jinsi breki iliyodharauliwa inavyofufuka. Vumbi la viatu vya zamani lipanguse kwa kitambaa kilicholowa. Usilipulize, kwani viatu vya enzi hizo viliweza kuwa na asbesto.

Matairi yasomwe umri pamoja na kashata zake. Tangu mwaka 2000, ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo zikiwa wiki na mbili za mwisho zikiwa mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu, tairi ni la karne iliyopita. Litupe hata kama halijalika, pamoja na tyubu yake. Ukiyabadilisha, usivutiwe na yale yenye vizuizi vikubwa vya kupandia matope ambayo yanapendeza sana katika picha. Barabarani, hasa penye maji, sehemu inayogusa lami ni ndogo, na breki yako ya dramu haina ziada ya kufidia. Pima pia beringi za kichwa cha usukani, bushi za mkono wa nyuma, sili za foku na spoki. Maelezo yake yamo kitabuni. Mimi ninakutajia tu zisisahauliwe.

Ukifika hapo, endesha. Endesha hadi uzoee pikipiki inavyokata kona, inapotetemeka, na mwili wako unachoka wapi. Safari hizo ndizo zitakazokwambia ubadilishe nini, na mara nyingi orodha uliyonayo leo itapungua yenyewe.

Tukija kwenye sura, inafaa ukumbuke vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960, waliokusanyika katika mikahawa kama Ace Cafe ya London na ambao mtindo huu ulipata jina kutokana nao. Wengi wao hawakuwa na fedha za kununua pikipiki za mashindano. Walichukua za kawaida, wakatoa kila kilichokuwa kizito au kisicho na kazi, wakashusha usukani, na kuongeza nguvu ya injini kadiri mfuko ulivyoruhusu. Kwa asili yake, basi, huu ni mtindo wa kupunguza. Kafe resa inayojengwa kwa kuagiza sanduku la vifaa vinavyong'aa ni desturi ya baadaye, na ndiyo inayowafilisi watu.

Piga picha ya pikipiki kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa injini, uichapishe nakala kadhaa na kuchora juu yake kwa kalamu. Chora mstari kutoka chini ya tangi kwenda nyuma hadi mwisho wa kiti. Katika pikipiki zinazopendeza mstari huo huwa umenyooka na uko sambamba na ardhi. Ukishuka nyuma au ukivunjika katikati, hakuna rangi itakayouficha. Mara nyingi utaona kwamba kubadilisha kiti na kusogeza taa ya nyuma kunatosha kuunyoosha, bila kugusa fremu.

Usukani wa chini ni mabadiliko yanayolipa zaidi kwa fedha ndogo, lakini chagua bomba moja fupi lililonyooka, linalofungwa pale pale palipokuwa na la zamani. Vile vipande viwili vinavyofungwa kwenye nguzo za foku hukulaza mbele kiasi kwamba vikanyagio vya miguu navyo vinabidi virudi nyuma. Vikirudi, nyenzo ya gia na ya breki zinabidi zibadilishwe, na hapo pambo moja limezaa manne. Isitoshe, kwa safari za kawaida viganja huchoka vibaya. Usukani wowote utakaoweka, washa injini iungurume polepole kisha uuzungushe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mlio ukipanda, waya wa mafuta unavutwa, na siku moja utavutwa ukiwa kwenye kona. Hakikisha pia mikono haibanwi kwenye tangi na nyaya za breki na klachi hazikunjwi.

Vichujio vya hewa vya wazi ndicho kitu pekee katika orodha yako ambacho ningekuomba ukiache kabisa. Kabureta za CB350 hutegemea tofauti ya msukumo wa hewa: koo la kabureta linapovuta, msukumo juu ya kiwambo unapungua, na hewa ya kawaida iliyo chini yake inakiinua pamoja na pistoni na sindano. Maboksi ya hewa ya kiwandani yapo ili hewa hiyo ifike ikiwa imetulia. Ukiweka vichujio vya wazi, upepo wa pembeni na mpira wa kichujio wenyewe vinaweza kuvuruga vijitundu vya hewa vilivyo mdomoni mwa kabureta. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli haba, injini inakwama katikati ya kasi na kupata joto kupita kiasi. Wapo wanaofanikiwa, baada ya kununua jeti nyingi na kusoma plagi kila baada ya safari, ambapo weupe huonyesha petroli pungufu na masizi meusi huonyesha petroli iliyozidi. Wewe una bajeti ndogo na injini inayopumua vizuri kwa kilicho chake. Yaache maboksi, uyapake rangi nyeusi yasionekane. Kitambaa cha kuviringisha ekzosi nacho kipuuze: kinashika unyevu na kuozesha bomba chini yake.

Fremu uikate mwisho, kama bado utataka. Funga kiti kipya kwa muda, kaa juu yake, uone ni kiasi gani kinabaki nyuma bila kazi. Usikate kamwe mbele ya mahali shokapu zinapofungwa wala kwenye vibati vinavyozishikilia. Kabla ya kukata, fungua shokapu na uinue gurudumu kwa mkono hadi usawa litakaoufikia shokapu ikibonyea kabisa, utazame kama tairi litagusa kiti, nyaya au kibao cha namba. Watu wengi hulijua hilo kwenye shimo la kwanza wakiwa wamebeba abiria. Kipande cha bomba kinachofunga ncha za nyuma kichomelewe na fundi aliyezoea fremu, na betri itolewe kwanza. Malipo ya kazi hiyo ni madogo, na si mahali pa kujifunzia kuchomelea.

Nyaya usizing'oe kwa sababu tu zinaonekana nyingi. Weka alama ya utepe kwenye kila kiungio, piga picha, safisha viungio na sehemu za athi hadi chuma kionekane, na badilisha tu kilichokufa. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwa kwenye kasi ya wastani kipimo kinapaswa kupanda juu ya 13.5 bila kupita sana 14.5. Uwezo wa kuchaji wa modeli hii ni mdogo, kwa hiyo taa za LED zinaisaidia. Ila ukiziweka kwenye indiketa utalazimika kubadilisha na rilei yake, kifaa kinachozifanya zimetemete, la sivyo zitawaka bila kumetameta au zitameta kwa kasi ya ajabu.

Kwa upande wa rangi, uvumilivu katika msasa una thamani kuliko rangi ya bei. Jihadhari na jambo moja: vanishi ya kopo la kawaida huyeyuka petroli ikimwagika, na ile ya vijenzi viwili isiyoyeyuka ina kemikali ya isosayaneti inayodhuru mapafu, ambayo barakoa ya vumbi haiizuii. Andaa tangi mwenyewe hadi hatua ya praima, halafu mlipe fundi wa rangi mwenye chumba na vifaa vya kupumulia akupigie tabaka la mwisho. Vifaa vyote vya kiwandani unavyovitoa, viweke kwenye sanduku vikiwa na majina. Leo vinaonekana takataka, lakini vikihitajika havipatikani kirahisi, na atakayeinunua pikipiki hii baadaye anaweza kuvitaka kuliko kiti chako kipya.

Baada ya safari ya kwanza katika umbo jipya, kilomita 50 hivi, rudi na spana upitie kila nati uliyoigusa, kuanzia ekseli, usukani na shokapu, kisha spoki na mkazo wa cheni. Iache ipoe kabisa kabla ya kugusa tapeti. Ukizikuta zimebana kuliko ulivyoziweka, usiendeshe tena mpaka ujue sababu.